Mzigo na Hati Yake: Namna Kazi za Kompyuta Zinavyobeba Maelezo

Kabla ya tarehe 19 Juni 2025, siku lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema kwa njia ya Kigongo hakuwa na budi kuvuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko. Malori, mabasi, magari madogo na pikipiki vilipanga foleni Kigongo na Busisi, vikingoja zamu. Mpangaji wa magari hakuwa na haja ya kufungua kila turubai ili ajue kilichomo. Aliuliza mambo machache tu. Gari lina uzito gani? Limebeba nini? Lina mgonjwa ndani? Kwa majibu hayo alijua gari lipi liingie kwanza, lipi likae katikati ya pantoni, na lipi lingoje safari ya baadaye. Lakini ndani ya lori ilikuwamo pia hati nyingine ambayo mpangaji hakuisoma kabisa: karatasi iliyoeleza mzigo ni wa nani, umetoka wapi, na utapokewa na nani. Hati hiyo haikumsaidia mpangaji kulivusha lori. Kazi yake ilikuwa ng'ambo.

Makala haya yanahusu hati za namna hizo mbili, si za malori bali za kazi zinazopelekwa kwenye kompyuta. Jambo lenyewe laonekana dogo, na wanaojifunza kompyuta aghalabu huliruka. Hata hivyo kazi yaweza kukamilika bila kosa lolote la hesabu, na matokeo yake yakatupwa, kwa sababu tu hapana mtu awezaye kusema ni matokeo ya nini.

Mratibu wa kazi

Watu wengi tumezoea kompyuta moja iliyo mezani, ifanyayo kazi ya yule aliyeketi mbele yake. Kazi kubwa za sayansi, za benki na za kampuni za simu hazifanywi hivyo. Hufanywa na kundi la kompyuta, pengine kumi, pengine elfu kadhaa, zilizounganishwa kwa nyaya na kuwekwa katika vyumba vyenye ubaridi. Kompyuta hizo huitwa seva. Mtumiaji haendi kwenye seva fulani akaketi. Huandika faili fupi linaloeleza kazi anayoitaka: programu ipi iendeshwe, inahitaji kumbukumbu kiasi gani, itumie prosesa ngapi, na kwa muda gani. Faili hilo hupelekwa kwa programu moja yenye madaraka juu ya kundi zima. Programu hiyo hutafuta seva yenye nafasi, huiamuru ianze kazi, huiangalia isife njiani, na pengine huianzisha tena mahali pengine ikiwa seva ya kwanza imezimika. Sisi tutaiita mratibu wa kazi.

Waratibu wanaojulikana ni wengi. Kubernetes ilitangazwa na kampuni ya Google mwaka 2014, na jina lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Nomad ilitolewa na kampuni ya HashiCorp mwaka 2015. Slurm hutumika sana katika vituo vya utafiti. Hapa kwetu Afrika Mashariki, kundi la kompyuta la Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) mjini Nairobi, ambalo wanasayansi hulitumia kuchambua chembe za urithi, huratibiwa na Slurm.

Msomaji aangalie vema jambo moja: mratibu hajui maana ya kazi. Anajua ukubwa wake na muda wake, basi. Kwake yeye, orodha ya mishahara ya walimu na uchambuzi wa virusi vya mihogo ni mizigo miwili yenye uzito uliotajwa. Kazi ikipokelewa hupewa namba na kusukumwa mahali palipo na nafasi. Baada ya hapo mwenye kazi hajui imeendeshwa kwenye seva gani, wala hana haja ya kujua. Ndiyo faida ya mpango huu. Hasara yake ni kwamba kila kitu ambacho zamani mtu alikijua kwa kukaa karibu na mashine yake, sasa hakina budi kuandikwa na kusafiri pamoja na kazi. Maandishi hayo huitwa metadata, yaani data inayoeleza data nyingine au inayoeleza kazi.

Kadi ya kwanza ya bunda

Jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Enzi hizo kazi iliandikwa kwa kutoboa matundu katika kadi ngumu, na bunda zima la kadi likakabidhiwa kwa mwendesha mashine. Katika mitambo ya IBM System/360, iliyotangazwa mwaka 1964, kadi ya kwanza ya bunda ilikuwa kadi ya kazi. Juu yake palitobolewa jina la kazi, namba ya hesabu itakayolipia, jina la mwandishi wa programu, na herufi moja ya daraja. Herufi ya daraja ilisomwa na mashine ili kuiweka kazi katika foleni inayostahili. Jina la mwandishi lilichapwa katika ukurasa wa kwanza wa matokeo, ili mgawaji wa karatasi ajue ni ya nani. Kadi moja, maandishi ya namna mbili: ya kumwelekeza mpangaji, na ya kumtambulisha mwenye mali. Mgawanyo huo umebaki hata leo, ingawa kadi zenyewe zimekwisha.

Majani arobaini ya mihogo

Tuchukue mfano ulio karibu na nyumbani. Muhogo ni chakula kikuu cha nyumba nyingi za Sengerema, nao hushambuliwa na magonjwa mawili mabaya ya virusi: batobato, na michirizi ya kahawia, ambao ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapa nchini, wakati huo Tanganyika, mwaka 1936. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, na zaidi huenezwa na sisi wenyewe, kwa kuwa muhogo hupandwa kwa pingili. Anayempa jirani yake pingili zenye ugonjwa amempa na ugonjwa. Mwaka 2019 wanasayansi, wakiwamo Joseph Ndunguru wa Tanzania na Laura Boykin, walichapisha taarifa ya kupima virusi vya mihogo huko huko mashambani Afrika Mashariki, kwa kutumia chombo kidogo cha kusoma chembe za urithi kiitwacho MinION, ambacho hushikika kiganjani. Kwa hiyo mfano ufuatao, ingawa ni wa kubuni, si ndoto.

Tuseme mwalimu wa biolojia na wanafunzi wake wamekusanya majani ya mihogo kutoka mashamba 40, mengine bara, mengine katika visiwa vya Kome na Maisome. Maabara imesoma chembe za urithi za kila jani na kutoa mafaili 40. Sasa kila faili halina budi kulinganishwa na orodha ndefu ya virusi vinavyojulikana, kazi ambayo kompyuta ya shule ingeifanya kwa majuma mengi. Mafaili yanapelekwa kwa mratibu wa kundi la kompyuta la kituo fulani cha utafiti. Kazi ni 40, na mratibu anazipa namba kuanzia 1 hadi 40.

Kazi ya 9 inakufa kwa kukosa kumbukumbu. Inapelekwa tena, na sasa namba yake ni 41. Kazi ya 23 nayo ilikuwa na faili bovu. Ikarekebishwa ikawa ya 42. Siku tatu baadaye yanarudi matokeo. Kazi saba zimeonyesha virusi vya michirizi ya kahawia, na mojawapo ni namba 41. Je, namba 41 ni shamba la nani? Aliyezipeleka kazi hizo amekwenda likizo. Daftari la mashamba lipo, lakini lina mashamba 40, halina la 41.

Hesabu yote ni sahihi. Mashine haikukosea hata mara moja. Lakini mwalimu akibahatisha, mkulima mmoja atang'oa mihogo mizima, na mwingine atawagawia majirani pingili zenye ugonjwa akiamini kuwa shamba lake ni safi. Namba ya mratibu ni ya foleni ya mratibu. Haikupata kuwa namba ya shamba, na anayeitumia hivyo anajenga juu ya mchanga.

Hati inavyofungwa kwenye kazi

Waratibu wote tuliowataja wana mahali pa kuandika maelezo ya mwenye kazi. Katika Nomad sehemu hiyo huitwa meta. Maelezo huandikwa mawili mawili, jina na thamani yake, kwa mfano huu:

meta {
  mradi  = "mihogo"
  shamba = "SG-017"
  jani   = "2"
}

Majina mradi, shamba na jani hayakutungwa na watengenezaji wa Nomad. Yametungwa na mwenye kazi, naye angeweza kuandika mengine. Mratibu huyahifadhi bila kuyaelewa, kama mpangaji wa kivuko asivyoelewa hati ya pamba. Lakini anafanya jambo moja la maana sana: huyapeleka mpaka ndani ya kazi yenyewe. Programu inapoanza kuendeshwa katika seva yoyote, huyakuta maelezo hayo kama vigeu vya mazingira, ambavyo majina yake huanza na NOMAD_META_. Programu ikisoma kigeu NOMAD_META_shamba itapata SG-017, na inaweza kuandika neno hilo juu ya ukurasa wa matokeo. Ikifa ikaanzishwa tena mara kumi, katika seva kumi, neno ni lile lile. Shamba la 41 lisingekuwapo.

Kazi ya Nomad imegawanyika katika ngazi tatu: kazi nzima, makundi yaliyo ndani yake, na vitendo vilivyo ndani ya kila kundi. Maelezo yanaweza kuandikwa katika ngazi yoyote. Yaliyoandikwa juu hurithiwa na yaliyo chini, na yaliyoandikwa chini hushinda ya juu majina yanapofanana. Hivyo mradi = "mihogo" huandikwa mara moja tu juu, na kila kitendo kitaubeba kama watoto wanavyobeba jina la ukoo, ilhali namba ya jani huandikwa chini, penye kitendo kinachohusika.

Katika Slurm mambo ni mepesi zaidi. Kazi hupewa jina, na maoni mafupi yaweza kuongezwa kwa neno --comment. Wengi hawaongezi. Mwandishi wa makala haya naye aliwahi kuziita kazi zake "jaribu", "jaribu2" na "jaribu_mwisho", na miezi sita baadaye hakuweza kumweleza mtu yeyote, wala yeye mwenyewe, kilichokuwa kimejaribiwa.

Lebo na madokezo

Kubernetes imekwenda mbali zaidi kwa kutenga maelezo katika namna mbili, na hapa tunarudi kwenye zile hati mbili za Busisi. Namna ya kwanza ni lebo. Lebo ni za kuchagulia. Mtu anaweza kumwambia mratibu: nionyeshe kazi zote zenye mradi wa mihogo, au, futa kazi zote zenye hatua ya majaribio. Namna ya pili ni madokezo. Haya ni ya kusomwa na watu au na programu nyingine, na mratibu hayatumii kuchagulia kitu. Humo mtu anaweza kuandika sentensi nzima: jani lilichumwa baada ya mvua, mmea ulikuwa na miezi minane.

Kwa kuwa lebo hutafutwa kila mara, zimewekewa masharti makali. Thamani ya lebo haizidi herufi 63. Zinazoruhusiwa ni herufi za Kilatini, tarakimu, kistari, kistari cha chini na nukta, na mwanzo na mwisho hapana budi pawe na herufi au tarakimu. Nafasi kati ya maneno hairuhusiwi. Madokezo yana uhuru wa kuandika lolote, mradi jumla yake katika kitu kimoja isizidi kilobaiti 256.

Masharti haya, yaliyotungwa mbali na hapa, yanatugusa kwa namna ambayo watungaji hawakuifikiria. Jirani ya Sengerema, katika Mkoa wa Geita, iko Wilaya ya Nyang'hwale. Jina hilo haliwezi kuwa lebo, kwa sababu ya ile alama ya ng' ambayo Kiswahili na Kisukuma haviwezi kuiacha. Mratibu atalikataa. Mwanafunzi mmoja ataandika Nyanghwale, mwingine Nyang-hwale, wa tatu Nyang_hwale. Zote zitapokelewa, na hapo ndipo palipo na hatari kuliko kukataliwa, maana kwa mashine hayo ni majina ya wilaya tatu. Atakayeuliza idadi ya kazi za Nyanghwale ataambiwa theluthi moja yake, wala hapatatokea onyo lolote. Misungwi nayo imeandikwa kwa s moja na kwa s mbili katika nyaraka mbalimbali. Hata sengerema na Sengerema ni vitu viwili, kwa kuwa herufi kubwa na ndogo hutofautishwa.

Tarehe ni mtego mwingine. 4/3 kwetu ni tarehe nne Machi, na kwa Mmarekani ni tarehe tatu Aprili. Alama ya mkwaju, kwa bahati njema, hairuhusiwi katika thamani ya lebo, lakini 4-3 inaruhusiwa, na utata unabaki ule ule. Kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2025-03-04, huondoa ubishi, na zaidi ya hayo tarehe hujipanga zenyewe kwa mfuatano.

Kwa sababu hiyo, watu wanaofanya kazi pamoja hawana budi kukubaliana juu ya orodha ya majina kabla ya kupeleka kazi ya kwanza: majina gani yatumike, yaandikweje, na thamani zipi zikubalike. Orodha hiyo ikae ukurasa mmoja. Ikizidi hapo haitafuatwa; huo ndio uzoefu wa mwandishi. Katika Nomad ipo njia ya kuilazimisha. Kazi yaweza kuandikwa kama kiolezo, na kiolezo kikataja maelezo ambayo lazima yaletwe kila kinapotumiwa. Atakayepeleka jani bila namba ya shamba atakataliwa mlangoni, kabla seva haijapoteza hata sekunde moja. Vile vile, akileta jina ambalo halikutajwa, kwa mfano "shaba" mahali pa "shamba", naye atakataliwa.

Lebo si maandishi ya pembeni tu

Ipo tahadhari moja ambayo waanzao huipata kwa kushtuka. Katika Kubernetes, msimamizi wa nakala za programu hutambua nakala zake kwa lebo. Ameambiwa ziwepo tatu zenye lebo fulani, naye huzihesabu kwa kusoma lebo hizo. Mtu akibadilisha lebo ya nakala moja inapoendelea na kazi, nakala hiyo haifi, bali hutoka katika hesabu ya msimamizi. Yeye ataona zimebaki mbili, ataanzisha ya tatu, na ile ya kwanza itabaki ikifanya kazi bila mchungaji. Mafundi hodari hufanya hivyo kwa makusudi, wanapotaka kuitenga nakala yenye ugonjwa ili waichunguze. Asiyejua hushangaa kuona nakala nne badala ya tatu. Dokezo lisingeleta msukosuko huo. Basi, ambacho ni cha kusomwa tu kiwekwe katika madokezo.

Sampuli na jumuiya yake

Umuhimu wa maelezo yanayoambatana na kitu ulikuwapo Sengerema kabla waratibu hawa wa kompyuta hawajaundwa. Mwaka 1998 ulianza utafiti wa MEMA kwa Vijana, uliofanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kituo cha Mwanza, pamoja na AMREF na Chuo cha Afya na Tiba ya Tropiki cha London. Zilichaguliwa jumuiya 20 katika wilaya nne: Sengerema, Geita, Misungwi na Kwimba. Kwa njia ya bahati nasibu, jumuiya 10 zilipata mafunzo ya afya ya uzazi shuleni na huduma za vijana katika zahanati, na 10 nyingine zikawa za kulinganishia. Vijana zaidi ya 9,000 walifuatiliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa maarifa ya vijana yaliongezeka, lakini haikuonekana tofauti ya maana katika maambukizi ya virusi vya UKIMWI.

Tutafakari hesabu hiyo. Sampuli moja ya damu, ikipimwa kwa uangalifu wote, hutoa jibu la ndiyo au la. Jibu hilo peke yake halisemi lolote juu ya swali la utafiti. Hupata maana pale tu inapojulikana kwamba sampuli ilitoka katika jumuiya fulani, na jumuiya hiyo iko upande gani wa bahati nasibu. Ikipotea hati, sampuli haiwezi kuwekwa upande wowote wa mlinganyo, hata kama damu ingali kwenye chupa.

Mfano huu una funzo jingine lililojificha. Wilaya zote nne zilikuwa katika Mkoa wa Mwanza wakati ule. Mwaka 2012 ulianzishwa Mkoa wa Geita. Sengerema yenyewe leo ina halmashauri mbili, ya Sengerema na ya Buchosa. Mtu anayekuta maelezo mkoa = Mwanza, bila mwaka, hawezi kujua kama Geita imo au haimo. Neno halikubadilika, mipaka ndiyo iliyobadilika chini yake. Afadhali basi kuandika kilicho kidogo na kinachodumu, kama kijiji au namba ya kituo, pamoja na mwaka, kuliko kuandika mkoa.

Kisichopasa kuandikwa

Baada ya kusifu maelezo kiasi hiki, yafaa kusema kwa nguvu zile zile kwamba yapo yasiyopasa kuandikwa kabisa. Maelezo ya kazi si siri. Katika makundi mengi ya kompyuta yanayotumia Slurm, mtumiaji yeyote anaweza kuitazama foleni nzima na kusoma majina ya kazi za wengine. Lebo na madokezo husomwa na wasimamizi, hunakiliwa katika kumbukumbu, na hubaki huko muda mrefu baada ya kazi kwisha. Ukiandika jina la mgonjwa pamoja na kipimo anachofanyiwa, umelitangaza. Katika mji ambao watu hujuana, hata jina halihitajiki: kijiji, umri na kazi vyatosha kumtambulisha mtu.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika mwaka 2023. Sheria hiyo huhesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Njia iliyo salama ni ile ya zamani ya maabara: kazi ibebe namba isiyo na maana kwa mpita njia, na daftari linalounganisha namba na mtu likae mahali pengine, chini ya ufunguo wa mtu anayejulikana. Hata shamba la mihogo lafaa kulindwa hivyo. Mkulima ambaye shamba lake limetangazwa kuwa na ugonjwa anaweza kukosa wanunuzi wa pingili hata baada ya kulisafisha.

Jaribio la darasani

Mwalimu asiye na kompyuta hata moja anaweza kulionyesha jambo hili kwa kadi 20 za karatasi ngumu. Katika kila kadi aandike vipimo vitano vya mvua vya mahali fulani, kwa milimita, lakini jina la mahali aliandike katika daftari lake tu. Wanafunzi wanne wakae katika meza nne, wawe seva. Mmoja awe mratibu: achukue kadi, aipe namba, aipeleke kwenye meza iliyo wazi. Kila seva ikokotoe wastani, iuandike katika kipande kipya cha karatasi pamoja na namba ya mratibu, kisha kadi itupwe kapuni. Katikati ya kazi mwalimu aguse bega la seva moja na kusema imezimika. Kazi iliyokuwa mezani pake irudishwe kwa mratibu, ipewe namba mpya.

Kazi zikiisha, darasa liulizwe: ni mahali gani palipata mvua nyingi kuliko kwingine? Wanafunzi watakuwa na wastani 20 ulio sahihi, na hawatakuwa na jibu. Hata daftari la mwalimu halitawasaidia sana, kwa kuwa kadi moja au mbili zimebadilisha namba njiani.

Katika mzunguko wa pili, kila kadi iandikwe alama ya mahali kabla ya kutolewa, na seva ziamriwe kuinakili alama hiyo juu ya matokeo pasipo kujali maana yake. Kadi mbili mwalimu aziandike kwa tahajia tofauti ya mahali pamoja, bila kusema. Katika mzunguko wa tatu aongezwe mwanafunzi mmoja, asimame mbele ya mratibu akiwa na orodha ya majina yaliyokubaliwa, na kazi yake iwe kurudisha kila kadi isiyo na alama, au yenye alama isiyo katika orodha. Mwanafunzi huyo hupewa lawama nyingi na wenzake kwa kuwachelewesha. Mwalimu na amwache aendelee, kisha darasa lihesabu, kwa kila mzunguko, ni matokeo mangapi kati ya 20 yanayoweza kurudishwa mahali yalikotoka.